Watoto mwaloni alfajiri: tuwafukuze au vipi?

Wana Tanga, salaam. Kikao cha mtaa wetu Jumapili kimetoka na azimio: mtoto asionekane mwaloni, pale vyombo vinaposhushia samaki, kabla ya jua kutoka, na akikamatwa mzazi alipe faini. Nilipinga, nikaambiwa natetea utumikishwaji wa watoto. Nalileta hapa.

Mtu wa pwani anaijua hesabu yake. Mwezi ukiwaka, uono, wale dagaa wa baharini, haukusanyiki kwenye taa za wavuvi. Likiingia giza, zile siku zisizo na mwezi, vyombo vinatoka, na alfajiri vikirudi ndipo watoto wanapojaa na ndoo. Muulizeni mwalimu yeyote jirani na ufuo ni wiki zipi madawati huwa matupu. Na mara nyingi mtoto halipwi hata shilingi. Anabeba kutoka chomboni hadi kwenye majiko ya kuchemshia, anapewa viganja viwili vya uono, basi. Hicho ndicho kitoweo cha nyumba nzima siku hiyo. Faini inamwangukia mama asiye nacho, ila tajiri wa chombo aliyemtwika mtoto ndoo hatajwi popote.

Mwalimu wa Zamu: Ndugu, huruma yako naielewa, ila Sheria ya Mtoto ya 2009 iko wazi. Kazi nyepesi ni kuanzia miaka 14. Kazi ya usiku, saa mbili hadi saa kumi na mbili asubuhi, marufuku. Kubeba mizigo mizito na kwenda baharini vimetajwa kabisa kuwa kazi hatari. Mimi wanaonisinzilia ni wa darasa la tatu! Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 nchi yetu iliuridhia mwaka 1991, wengi humu hamjazaliwa. Tungoje umaskini uishe ndipo mtoto apate haki yake?

Mzee wa Ngalawa: Nimebeba ndoo nina miaka tisa, na nimesomesha watoto saba. Kazi ni malezi. Hawa wa sasa mnawalea kama mayai.

Mleta mada: Shikamoo mzee. Wewe ulikuwa na baba yako, kwenye chombo cha nyumbani, ukichoka anakuona. Hawa wanamtumikia mtu asiyejua hata majina yao.

Mzee wa Ngalawa: Marahaba. Hapo una neno.

Mama Wawili: Mimi nimo kwenye mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini. Sharti mtoto ahudhurie asilimia 80 ya masomo, akikosa hela inakatwa. Wangu wanakwenda, alhamdulillahi. Lakini hela yenyewe huja baada ya miezi miwili, giza huja kila mwezi. Ada imefutwa tangu 2016, sawa. Shuleni kwetu uji ni mchango, na asiyechanga mwanawe anakaa pembeni kuwatazama wenzake. Sasa mwaloni anapata kitoweo, shuleni anatazama vikombe. Nyie mngekuwa yeye mngekwenda wapi?

Kijana wa Ngamiani: Kugawa hela ni kuzoesha watu uvivu tu.

Mama Wawili: Mwanangu, njoo ukae kwangu wiki moja tu, ndipo uniandikie tena hilo neno. Huko Brazil tangu 2003 kina mama wanapewa hela kwa sharti hilohilo la shule, na kazi wanafanya.

Mleta mada: Mwalimu, kwenye miaka 14 umenishika. Chini ya hapo asibebe, nakubali. Basi azimio liandikwe upya: faini kwa mwenye chombo anayemtwika mtoto, si kwa mama. Na kila chombo kinachoshusha wiki ya giza kitoe ndoo moja ya uono kwa jiko la shule. Kuna mwenye chombo humu? Ndoo moja ni nyingi?

Nahodha Mstaafu: Ninavyo viwili. Mafuta yamepanda, ushuru nalipa, taa kila siku zinaungua. Ndoo moja naweza. Lakini nikitoa mimi, wa pembeni yangu atanicheka na watoto wote watahamia kwake. Andikeni vyombo vyote, kisha mnifuate.