Ibada ya Jumamosi (kundi la ukoo)

Shangazi: Habari za jioni wanangu. Jumamosi ibada iko kwangu, saa kumi. Tunasoma Zaburi 136. Dogo, msomaji ni wewe.

Dogo: Shikamoo shangazi. Nimeipitia hapa kwenye daladala. Mistari 26, na kila mmoja unamalizia "kwa maana fadhili zake ni za milele". Naomba niseme wa kwanza na wa mwisho, hapo katikati niwe naruka 🙏🏾

Binamu: 😂😂 anawahi mechi huyo

Shangazi: Marahaba. Hakuna kuruka.

Baba Mdogo: Dogo, hiyo nusu si yako hata uiruke, ni ya kwetu. Wewe unataja tendo, sisi tunaitikia. Angalia mwanzo wa 118: Israeli waseme, mlango wa Haruni, yaani ukoo wa makuhani, waseme, wamchao Bwana waseme. Kila kundi na zamu yake. Na Wayahudi mpaka leo hiyo 136 wanaisoma mezani usiku wa Pasaka.

Dogo: Shikamoo ba'mdogo. Hapo sawa. Ila mstari wa 10 jamani. Wamisri wanapigwa wazaliwa wao wa kwanza, halafu tunaitikia fadhili? Mmisri aliyezika mwanawe angeitikia?

Baba Mdogo: Marahaba. Wanaoimba ni watumwa waliotoka. Kwao pigo lile ndilo lililomfanya Farao awaachie, ndiyo maana wa 23 wanasema alitukumbuka katika unyonge wetu. La Mmisri umeuliza vizuri na sitakupa jibu la haraka haraka. Naona tu kwamba zaburi haikukomea kwa Israeli. Wa 25, anawapa chakula wote wenye mwili. Mmisri naye ana mwili.

Dada: Shikamooni. Mimi niseme ukweli. Tangu tumzike baba watoto, mwitikio huo unanikwama kooni. Nitakuja, nitasaidia jikoni, ila msinitegemee kwenye kuitikia.

Shangazi: Marahaba, pole mwanangu. Wewe njoo tu.

Binamu: Dada usiseme hivyo, Mungu ni mwema wakati wote 🙌🏾

Baba Mdogo: Wewe mwache kwanza mwenzio. Mwanangu, fungua 89. Ethani, mtunzi wake, anaanza kwa kuimba fadhili za Bwana na uaminifu wake kizazi hata kizazi. Anaimba kweli kweli, mpaka bahari na mbingu zimo. Ukifika wa 38 anageuka. Umemtupa masihi wako, yaani mfalme uliyemtia mafuta, agano umelichukia, taji umelibwaga chini. Wa 49 anamuuliza Mungu usoni, ziko wapi zile fadhili za kwanza ulizomwapia Daudi? Na hawakuikata. Imo Biblia moja na hiyo 136.

Dada: Inaishaje?

Baba Mdogo: Hajibiwi. Kuna "na ahimidiwe Bwana" pale mwishoni kabisa, lakini hiyo ni ya kufungia sehemu ya Zaburi iitwayo Kitabu cha Tatu. Swali lake limebaki wazi.

Shangazi: Na Ezra 3 msiisahau. Walipotoka Babeli wakaweka msingi wa hekalu, waliimba maneno haya haya, fadhili zake ni za milele. Wazee walioiona nyumba ya kwanza wakaangua kilio. Vigelegele na kilio vikachanganyika, watu wakashindwa kupambanua. Wala sijasoma popote kwamba wazee waliambiwa wanyamaze.

Binamu: Nisamehe dada.

Dada: Yameisha. Shangazi, naomba nisome hiyo 89, kuanzia 38 hadi 51. Nisome kabla ya Dogo?

Baba Mdogo: Baada yake. Ukitangulia wewe, itaonekana 136 imekuja kukujibu.

Shangazi: Basi ni baada. Dogo umeona, 26 yote.

Dogo: Nimeona shangazi. Huyu mfalme wa Bashani, Ogu, anatamkwa hivyo hivyo?

Shangazi: Hivyo hivyo. Na pitia mkaa ukija, gesi yangu haifiki Jumamosi.