Nadharia ya mifumo yaniingiaje mimi wa biashara?

BintiLangoni: Assalamu alaikum. Mwalimu kataja nadharia ya mifumo na mtu aitwaye Bertalanffy, kisha kipindi kikaisha. Si mwanabiolojia huyo?

FundiMatondoni: Waalaikumu salaam, mwanangu. Ndiye, wa Austria. Kitabu chake cha nadharia hiyo, ya kutazama kitu kizima na jinsi sehemu zake zinavyoathiriana, kilitoka 1968. Alisema kiumbe hai ni mfumo ulio wazi: huingiza, hutoa, na bado husimama. Mimi naunda majahazi. Juzi mteja alitaka mlingoti mrefu tu, basi. Haya: mlingoti ukirefuka, tanga lakua, tanga likikua, chombo chalala, waongeza farumi, yaani uzito wa chini wa kukituliza, chazama zaidi majini, mwendo wapungua. Alitaka mbio, kajinunulia uzito!

MamuShela: Na maji je? Mvua huingia kwenye vilima vya mchanga hapa Shela, Lamu, nasi twayateka visimani. Jenga juu ya mchanga, vuta kwa pampu kupita kiasi, chumvi yaingia. Hapo mhandisi, daktari na mwenye hoteli wote wamo.

BintiLangoni: Basi duka la mama: akikopesha sana, rafu zabaki tupu, wanunuzi wa taslimu wahama, naye azidi kukopesha ili awarudishe. Ndio mrejesho, tokeo kurudi kusukuma chanzo chake?

FundiMatondoni: Ndio huo. Norbert Wiener, mwanahisabati wa Marekani, aliuandikia kitabu 1948, mambo ya mashine na wanyama. Daftari la madeni la mama lina kurasa ngapi?