Tupeane uzoefu: kuondoa pleyi (kucheza bure) kwenye usukani wa pikapu ya zamani, Land Rover 109

Mafinga (mwanzisha mada)
Wakuu, kamwene. Pikapu za 109, Series II na III, bado zinabeba mbao huku na viazi Makete, lakini nyingi unazungusha usukani robo duara ndipo tairi liitike. Kushuka mlima Kitonga na gari ya hivyo ni kuhatarisha roho za watu. Tuweke hapa kazi yenyewe: pa kuanzia, kinachochakaa na sababu yake, na makosa ya kukwepa.

Uyole
Usiende soko la Mwanjelwa kununua spea kabla hujajua pleyi iko wapi. Gari isimame sakafu ngumu, tairi za mbele zikiwa chini, si kwenye jeki. Mmoja akae kwenye usukani aucheze kushoto na kulia taratibu. Mwingine alale chini, aweke kidole kwenye kila kiungo, nusu kwenye pini na nusu kwenye jicho la mkono. Kiungo kizima, vyote huenda pamoja. Kilichokufa, kimoja hutangulia na kingine hufuata baadaye, na kidole hukisikia kabla jicho halijaona.

Fuata mnyororo wote: sterling boksi (boksi la gia za usukani) na mkono wake, fimbo ya kwanza, rilei (kiungo cha kati kinachopokeza mzunguko) iliyochomekwa kwenye boriti ya mbele ya chesisi, dragi linki (fimbo ya pili, inayokwenda kwenye gurudumu), kisha tairodi inayounganisha magurudumu mawili. Fimbo tatu, tairodi endi (viungo vya ncha za fimbo) sita. Tatu kati ya hizo zina nyuzi za kushoto, kwa hiyo dukani taja idadi ya kila upande.

Tukuyu
Naongezea kwenye ukaguzi. Sasa inua gurudumu, shika tairi juu na chini, tikisa. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki, tikisa tena. Pleyi ikiisha, ni beringi ya habu. Ikibaki, ni pini za swiveli (kiungo ambacho gurudumu hugeukia), na hizo huwezi kuziponya kwa tairodi endi mpya hata ukifunga sita. Kazi yake ni kubadilisha beringi ya chini na bushi ya juu, halafu kupunguza shimu (vibati vyembamba vya kujazia) mpaka pini zishike bila kukaza.

Na springi msizisahau. U-bolti zikilegea au bushi za springi zikiisha, ekseli nzima hutembea, na dereva analaumu usukani.

Makambako
Kutoa tairodi endi: kabla ya kufungua chochote, pima urefu kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya nyingine, andika kwa chaki kwenye bodi. Legeza nati nyuzi chache, usiitoe yote. Weka nyundo nzito upande mmoja wa jicho la mkono, piga upande wa pili kwa nyundo ya kilo moja. Mapigo mawili matatu makavu, pini inaruka. Usipige ncha ya pini. Nyuzi zikiharibika nati haitoki na kazi imekuwa ya kukata.

Kabla ya kuskurubu mpya, safisha nyuzi ndani ya bomba kwa brashi ya waya, paka grisi. Bomba lililoliwa na kutu mdomoni halibani hata ukikaza klampu, libadilishe.

Mafinga
Mkuu, na pini mpya ikizunguka pamoja na nati?

Makambako
Weka jeki ndogo chini ya kiungo, isukume pini ikae kwenye tundu lake, ndipo ukaze, kama Nm 40. Tundu la spiliti pini lisipolingana, endelea kukaza mpaka lilingane, usirudishe nyuma hata kidogo. Nati ya kujifunga yenye plastiki ikishatoka haitumiki tena.

Njombe
Spea: tairodi endi mpya inatakiwa iwe nzito kuigeuza kwa mkono. Ikilala yenyewe kama shingo ya kuku aliyechinjwa, irudishe dukani. Angalia pia raba ya vumbi. Ikipasuka, tope la barabara za Makete huimaliza pini mapema sana.

Iringa
Rilei ndiyo wengi wanairuka, na ndiyo yenye jibu usukani ukitetemeka kwenye barabara ya matuta madogo. Ndani mna shafti, bushi zilizopasuliwa nusunusu na springi kali iliyobanwa katikati. Ule ugumu wake ndio unaotuliza mitetemo. Toa fimbo zote mbili, zungusha mkono wa rilei: ukienda bure kama mlango, imekauka au imekwisha.

Mara nyingi ni oili tu. Fungua bolti mbili zinazotazamana juu yake, mimina oili ya gia namba 90 tundu moja, hewa itoke tundu la pili. Inaingia polepole, usikate tamaa. Ongeza mpaka ionekane upande wa pili.

Kama lazima ifunguliwe, nawaomba sana: ukitoa shafti, ile springi hutoka kwa nguvu ya kuvunja taya. Funika kwa gunia, funga kwa kamba, mdomo wa rilei uelekee mahali pasipo na mtu. Na ikishikwa na kutu kwenye chesisi, iloweke kwa dizeli siku kadhaa. Ukiipiga kwa hasira, chuma hupasuka.

Uyole
Mwisho ni kupima. Tairi za mbele zifunge kidogo kwa mbele, milimita 1.2 hadi 2.4. Chora alama ya chaki katikati ya tairi zote mbili, upande wa nyuma, usawa wa habu, pima. Sukuma gari mpaka alama zije mbele, pima tena. Mbele iwe ndogo. Rekebisha kwa kuzungusha bomba la tairodi.

Tukuyu
Ndaga fijo. Na usukani ukibaki umepinda wakati gari imenyooka?

Uyole
Usiung'oe ukaurudishe. Fungua fimbo ya kwanza, hesabu mizunguko ya boksi kutoka mwisho hadi mwisho, rudi nusu yake, kisha rekebisha urefu wa fimbo ikutane na rilei hapohapo. Boksi hubana zaidi katikati yake. Ukitembea nje ya hapo pleyi inarudi. Skurubu ya pembeni ya boksi iguse baada ya haya yote, robo kwa robo, magurudumu yakiwa hewani, huku ukizungusha usukani mwisho hadi mwisho. Ukikwama popote, legeza.