Mrejesho: wale wanajeshi wa plastiki wa utotoni

Wadau, mwezi uliopita niliuliza kama wanajeshi wangu wa Warhammer (mchezo wa vita wa mezani unaochezwa kwa sanamu ndogo), niliowapaka rangi nikiwa darasa la saba nikawaacha kwenye kopo la Kimbo nyumbani kwa mama, Kondele, bado wanaokoleka. Wanaokoleka.

Uliyesema niwaloweke kwenye spiriti ya duka la dawa, asante sana. Usiku mmoja, kisha mswaki mkuukuu, na rangi ikabanduka kama gamba la nyoka. Chini yake nikaona vifungo vya koti ambavyo sikuwahi kujua vipo! Wawili waling'oka mikono, gundi ya zamani ilichoka.

Rangi za akriliki nilipata kwenye duka la vifaa vya shule hapa mjini Kisumu. Kumbe kosa langu la utotoni lilikuwa kupaka nzito kama uji wa wimbi. Sasa naizimua kwa maji kwenye kifuniko cha chupa, napaka tabaka mbili nyembamba.

Shida ni kuwachora macho. Sanamu yenyewe ina kama milimita 28, na mkono wangu unatetemeka. Binti yangu ndiye anayachora. Jana alimpa sajini makengeza, nimeyaacha vivyo hivyo.