Matapeli wa santuri za majaribio za hadikoo, mmetuchosha!

Wakuu wa hadikoo, yaani panki ya kasi na ya nguvu, nimepigwa, na safari hii sinyamazi.

Nimenunua mtandaoni santuri ya inchi 7 ya bendi ya Gorilla Biscuits, ile ya 1988 iliyotolewa na Revelation Records ya Marekani. Muuzaji aliinadi kuwa ni ya majaribio, yaani moja ya zile chache zinazofyatuliwa kwanza ili zikaguliwe, karatasi ya katikati nyeupe tupu, eti imetoka kwa mtu wa karibu na bendi. Dola 400. Imefika, nikaiinamisha kwenye taa niangalie ile sehemu laini kati ya wimbo wa mwisho na karatasi. Herufi zilizokwanguliwa pale ni za mwandiko mwingine kabisa, si ule ulio kwenye nakala yangu ya toleo la kwanza! Nikaweka sindano. Santuri inang'aa, haina mkwaruzo hata mmoja, lakini kabla gitaa halijaingia unasikia michakacho ya santuri kuukuu. Yaani mtu kachukua nakala iliyochakaa, kairekodi, kaenda kufyatua upya na kubandika karatasi nyeupe. Nilipombana akanijibu kwamba za majaribio ndivyo zilivyo.

Hapana, sivyo zilivyo! Kiwanda kikishapata kalibu za nikeli, kinafyatua kwanza nakala chache, mara nyingi 5 hadi 20. Lebo, yaani kampuni inayotoa santuri, na bendi wanazisikiliza: sindano inaruka? Kuna kelele? Wakiridhika ndipo mzigo wote unafyatuliwa, kwa kalibu zilezile. Kwa hiyo alama za pale ndani lazima zifanane na za toleo lenyewe. Kama majaribio yalikataliwa na santuri ikachongwa upya, muuzaji alete ushahidi, siyo hadithi.

Na lebo ndogo za siku hizi nazo ziache mchezo. Zinaagiza za majaribio za ziada makusudi, zinazivalisha kava la pekee lenye namba, kisha zinatuuzia kwa bei ya kukomoa. Hizo hakuna aliyezisikiliza kutafuta kasoro, ziliagizwa ziuzwe. Ziiteni toleo maalumu, tutanunua tukitaka.

Inaniuma kwa sababu huu muziki haukujengwa hivi. Lebo ya Dischord ya Washington D.C. ilianza 1980 kwa santuri ya bendi ya Teen Idles, nakala 1,000, vijana wenyewe wakikata, kukunja na kugundisha makava kwa mikono. Nakala ya majaribio ya zama zile ndiyo waliyoishika wenyewe wakaamua "hii iende". Ndiyo thamani yake. Leo, kwa kuwa ile santuri ya bendi ya Judge ya 1989 iliyofyatuliwa nakala kama 110 tu inauzwa maelfu ya dola, kila mwizi mwenye karatasi nyeupe anajiona ana mgodi.

Wauzaji: picha ya ile sehemu laini yenye herufi, pande zote mbili, iwe ya karibu na inayosomeka, kabla hamjataja bei. Asiyeweka tusimnunulie, hata awe na sifa nzuri kiasi gani. Huyu wangu alikuwa na sifa za kumwaga.

Nimeshadai pesa zangu kupitia kampuni ya malipo. Mwenye ya majaribio ya kweli ya santuri hii naomba aweke picha hapa chini, niziambatanishe kwenye madai. Na kama kuna mwingine aliyeuziwa hii yenye michakacho mwanzoni, ajitokeze, tumbane pamoja.