"Iingie kwa kubana" SI KIPIMO! Wachoraji mtatuua na hizi ramani

Wakuu, nimechoka. Ramani ya kipuri cha mashine inatua mezani kwangu fundi mkerezaji: shimo milimita 25, bushi (bomba fupi linalovikwa ndani ya shimo ili shafti ipite) milimita 25, pembeni kimaandishi "bushi iingie kwa kubana". Ibane kiasi gani? Kimya. Bushi ikianza kuzunguka ndani ya shimo, anayeitwa ni fundi. Aliyechora haulizwi hata salamu.

Majedwali ya ISO 286, kiwango cha kimataifa cha mipaka ya vipimo vya mashimo na shafti, yapo, kuyasoma si uganga: herufi kubwa kama H ni ya shimo, ndogo kama p au s ni ya kinachoingia. Shimo la 25 H7 ni kuanzia milimita 25.000 hadi 25.021. Bushi ya p6 kwa nje ni 25.022 hadi 25.035. Sasa shimo kubwa likutane na bushi ndogo: mbano, yaani bushi inavyolizidi shimo, ni mikroni 1 (elfu moja ya milimita). Moja! Shimo dogo likikutana na bushi kubwa ni mikroni 35. Zote zimepita ukaguzi, halafu mtu anakuja amefura kuuliza mbona hii imeingia kwa kugongwagongwa na ile imelilia presi. Kama mzigo ni mzito andika s6, 25.035 hadi 25.048, mbano hautashuka chini ya mikroni 14. Herufi moja tu mnaona uvivu kuibadilisha.

Kwenye alumini ndiyo balaa. Mnachomeka bushi ya chuma kwenye kasha la alumini litakalofanya kazi kwenye nyuzi 100, mnachagua p6 kwa mazoea. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Kwa kipenyo hicho, kutoka nyuzi 20 hadi 100, shimo linaiacha bushi kwa mikroni kama 22. Mbano wa kati wa p6 ni 18. Umebaki na nini hapo? Hata s6 zile za chini zinalegea. Hiyo hesabu ni ya mchoraji, maana mimi joto la mashine yenu siandikiwi popote.

Tundu la ndani nalo: bushi nyembamba ya bronzi ikishabanwa, ndani inajifinya. Mnataka H7 ndani baada ya kubana, lakini mnaniagiza nikereze H7 kabla. Shafti ikigoma kupita mnashangaa! Acheni nyama ya kupitisha rima (kifaa cha kusawazisha shimo hadi kipimo kamili) baadaye, au mpanue kipimo cha mwanzo.

Na wale wa "si upitishe drili ya 25 tu": drili huacha shimo lililopanuka na lisilo duara kamili. Hapo ni rima au kuborea (kupanua shimo kwa kisu cha mashine), kisha kupima kwa geji ya shimo. Venia, ile kalipa ya kupimia ya kawaida, iwekeni kando, mikroni 10 haizioni.

Kuanzia sasa ramani isiyo na mipaka ya shimo NA ya bushi inarudi ilikotoka. Anayetaka kuniambia "tumia uzoefu wako" auandike huo uzoefu kwa mikroni, kisha atie sahihi chini.