Naomba ushauri: Safari ya Dodoma hadi Usa River kumwona mdogo wangu akishindana akiwa juu ya farasi, mama naye anataka kwenda

Kaka Mkubwa wa Mvumi

Wakuu, habari za mchana. Uzi ni mrefu kidogo, nivumilieni.

Nina mdogo wangu wa kike, ana miaka 22. Miaka mitatu iliyopita aliacha chuo akiwa mwaka wa kwanza, akaenda Usa River, jirani na Arusha, kufanya kazi kwenye banda la farasi. Alianza na kuzoa samadi na kubeba ndoo za maji. Nyumbani ilikuwa vita. Mzee wetu alifariki mwaka jana akiwa bado hajaikubali kazi ile, na mama alikuwa hataki hata itajwe mezani.

Sasa mwenye farasi amemwona anavyopanda mazoezini, akampa nafasi. Jumamosi ijayo anaingia kwenye mashindano ya kuruka viunzi, daraja la sentimita 80, zamu yake ni kama saa 4 asubuhi. Ni mara yake ya kwanza kuingia uwanjani akiwa na namba. Kaniambia kwa simu, "Kaka, wenzangu wote wana watu wao wa kuwaangalia." Sikulala vizuri siku ile.

Mimi na rafiki zangu wanne tumepanga kwenda na Noah yangu. Naomba ushauri kwa haya:

Kwanza, muda. Wote ni waajiriwa, tunatoka saa 9 na nusu alasiri. Mmoja anataka tuondoke Ijumaa saa 4 usiku, tukeshe barabarani, tuokoe hela ya gesti. Mimi moyo unakataa.

Pili, mama. Juzi kanipigia: "Nasikia mnakwenda kumwona mwenzenu. Mimi ni wa kuachwa?" Rafiki zangu wawili wamenuna. Wanasema ilikuwa safari ya vijana, mama akiwepo hakuna atakayekuwa huru. Na mimi nina hofu yangu: farasi mama kawaona kwenye gwaride la runinga tu. Akimwona binti yake juu ya mnyama anayeruka, si atapiga kelele? Na mdogo wangu akimwona mama ghafla, si atayumba?

Tatu, mmoja wetu hajatoa hata shilingi, na kila safari huwa hivyo hivyo.

Natanguliza shukrani.

Dereva wa Fuso

Mkuu, nimeipiga hiyo njia kuanzia zama za vumbi. Tangu lami ya Dodoma–Babati ifunguliwe mwaka 2018, kilomita 251, watu wanaona ni kuteleza tu. Mchana ni kweli. Usiku ni habari nyingine.

Nikuelezee. Ukitoka Dodoma kuitafuta Kondoa unakutana na mikokoteni ya punda inayorudi na maji, haina taa wala kiakisi mwanga. Unamwona punda akiwa mita ishirini mbele yako. Ukishapita Kolo mpaka Bereko ni kona na mteremko, na roli likiharibika pale dereva anakata matawi anayatupa barabarani ndiyo onyo lako. Usiku tawi unalikanyaga kabla hujalielewa. Halafu ukishaiacha Babati, eneo la Kwakuchinja ndiyo njia ya wanyama kati ya Tarangire na Ziwa Manyara. Pundamilia, nyumbu, hata tembo, wanavuka lami. Tembo usiku anafanana na giza lenyewe.

Fanyeni hivi: ombeni ruhusa ya nusu siku Ijumaa. Saa 8 mchana muwe mmeshatoka mjini, saa 12 jioni mpo Babati, mmelala. Jumamosi ondokeni saa 11 na dakika 45 alfajiri, mtafika Kwakuchinja kumeshapambazuka. Saa 3 na kitu mpo Usa River. Na ukiona kibao cha 50, ni 50 kweli, tochi za trafiki za kupima mwendo zipo vichakani.

Kagua stepni, pembetatu mbili na mtungi wa kuzimia moto. Usisubiri trafiki akukumbushe.

Bint Kizota

Mleta uzi, hapo kwa mama mbona hakuna swali. Mama aliyekataa kuisikia kazi ya mwanae miaka mitatu, leo anaomba mwenyewe kwenda, halafu umwache kwa sababu vijana wanataka bia zao Babati? Mpeleke.

Ila usimfanyie binti jambo la kushtukiza. Mpigie leo. Mwambie, "Mama anakuja, unataka akae wapi?" Huenda akataka mama asimame mbali mpaka amalize, huenda akataka amwone kabla hajapanda. Hilo lake, si lako. Mimi nilipojifungua mtoto wa kwanza watu walimleta mama bila kuniambia, wakidhani wananifurahisha. Nililia vibaya, na hayakuwa machozi ya furaha. Nilihitaji siku moja tu ya kujiandaa.

Mkazi wa Majengo

Mimi nitakuwa tofauti. Rafiki zako nao wana haki. Walikubali safari ya aina moja, sasa inageuzwa. Mpandishe mama basi la Arusha Ijumaa asubuhi, alale kwa binti yake, nyie mje na yenu. Mtakutana uwanjani, kila mtu na amani yake.

Kaka Mkubwa wa Mvumi

Mkazi wa Majengo, nimekuelewa na wazo si baya. Ila mama ana miguu inayovimba akikaa muda mrefu, kwenye basi hawezi kusema simameni. Na binti analala chumba kimoja na wenzake watatu.

Dereva wa Fuso, asante sana mzee wangu. Mmoja wetu anaswali Ijumaa, kwa hiyo saa 8 baada ya swala inatufaa.

Mganga wa Mifugo Singida

Ndugu, niongelee mnyama mwenyewe, maana watu wa kwetu tunamjua punda halafu tunadhani farasi ni punda mrefu. Punda akishtuka husimama, anaganda, anapima mambo. Ndiyo maana mnamwita mkaidi. Farasi akishtuka hukimbia kwanza, kufikiri baadaye. Macho yake yako ubavuni, anaona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake kabisa na pale mbele ya paji la uso. Kwa hiyo mwambie mama asipite nyuma ya farasi hata kama amefungwa. Amwendee kwa upande wa bega, akiongea kwa sauti ya kawaida ili mnyama ajue mtu anakuja.

Jingine: msimlishe kitu bila ruhusa. Farasi hawezi kutapika. Akila kisichomfaa kinabaki ndani, tumbo linamsokota, na msokoto wa tumbo la farasi unaua. Mkiruhusiwa kumpa karoti, ikateni kwa urefu, si vipande vya duara, vya duara vinaziba koo.

Na msishangae kukuta hakuna farasi wengi huku kwetu kati. Kuna ugonjwa wa farasi wa Kiafrika, unaenezwa na visubi wanaouma kuanzia jioni mpaka alfajiri. Punda anaubeba mara nyingi bila hata kuonekana mgonjwa, farasi unamlaza chini kwa siku chache. Mdogo wako anayeamka usiku kuangalia kama nyavu za banda za kuzuia visubi zimefungwa anafanya kazi ya maana sana. Mwambie nimesema hivyo.

Kijana wa Hatamu

Kaka, mimi nafanya kazi kama ya mdogo wako, nipo huku Arusha. Nimesoma uzi huu nikatoka nje kidogo.

Ngoja nikwambie mtakachokiona ili mama asiogope. Kabla ya mashindano wapandaji huingia uwanjani kwa miguu, bila farasi, wakiwa na kofia na buti. Utawaona wanatembea kati ya kiunzi na kiunzi midomo inacheza. Wanahesabu. Hatua moja ya farasi akiwa kwenye mbio za kuruka ni kama mita 3.6, sawa na hatua nne za mtu anayejua kupima. Kwa hiyo mdogo wako atakuwa anasema moyoni nne ni moja, nane ni mbili. Wakati huo msimwite. Hata msimpungie mkono.

Kila kiunzi kina bendera nyekundu kulia na nyeupe kushoto, lazima apite katikati. Ufito uliolazwa juu ya kiunzi ukianguka ni pointi nne za adhabu. Farasi akigoma mara ya kwanza, nne nyingine. Mpandaji au farasi akianguka ndiyo mwisho wa zamu, wanatoka. Ufito ukigongwa unalia na kudunda tu, haujaanguka, basi hakuna adhabu. Mama akisikia mlio ule asidhani mtoto kaumia.

La muhimu kuliko yote: vigelegele. Nawajua mama zetu. Kigelegele kimoja katikati ya zamu kinaweza kumtoa farasi nje ya mstari. Wala msifungue mwavuli, wala kupepea khanga. Asubiri mpaka mwanae apite mstari wa mwisho na kumpunguza farasi mwendo. Hapo apige mpaka achoke.

Na njooni na masweta, asubuhi ya huku si ya Dodoma.

Bint Kizota

Halafu kuhusu huyo asiyetoa hela. Noah kilomita 10 kwa lita, kwenda na kurudi ni kama 900, lita 90. EWURA wameshatangaza bei za mafuta za mwezi huu. Piga hesabu, gawa kwa watano, mama asihesabiwe. Weka kwenye kundi lenu: hela iwe imeingia Alhamisi usiku. Ambaye haijaingia, kiti chake kinapumzisha miguu ya mama. Usigombane naye, mwambie kwa upole na usibadilike.

Kaka Mkubwa wa Mvumi

Mrejesho, Jumapili usiku.

Tulikwenda wanne na mama. Mwenzetu hakutuma, nikampigia Ijumaa asubuhi nikamwambia kwa heshima, akakata simu. Imeniuma, nitamtafuta wiki hii.

Mdogo wangu nilimwambia Jumatatu. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema mama akae upande wa lango la kutokea, asikae la kuingilia. Tukafanya hivyo. Babati tulifika jua likiwa juu, na Jumamosi pale Kwakuchinja walikuwepo pundamilia kama kumi wamesimama kando ya lami. Dereva wa Fuso, nilikukumbuka.

Alipoingia, mama alichukua pindo la khanga akaliuma. Kweli, kwa meno. Kiunzi cha kwanza, cha pili, cha tatu safi. Cha nne ule ufito ulilia, nikashika chuma cha uzio, haukuanguka. Cha sita ukaanguka. Pointi nne. Alipopita mstari wa mwisho na farasi akaanza kutembea, mama akatoa khanga mdomoni, akanitazama, akaniuliza, "Tayari?" Nikamwambia tayari. Watu wa uwanja mzima waligeuka.

Hakupata nafasi ya kupewa utepe wa washindi. Alishuka, akamfuta farasi jasho kwanza, akalegeza tandiko, ndipo akaja kwa mama. Waliongea peke yao, sikusogea.

Sasa tupo Babati, kesho tunaamkia njiani. Mama yuko hapo uani kwa gesti, anatoka mlangoni kwenda kwenye bomba la maji na kurudi, taratibu, kwa ile miguu yake. Nimesogea nimsikie anachosema. Anahesabu: nne ni moja, nane ni mbili.